Noti ya dola 2 ya Marekani: inachapishwa, haionekani, na sura yake haijaguswa tangu 1976

Kila baada ya muda hurudi kwenye simu zetu ujumbe ule ule: ukiwa na noti ya dola 2 ya Marekani usiitumie, ina thamani ya maelfu. Mwezi ukiisha huja mwingine unaosema noti hiyo ilifutwa zamani. Halafu wa tatu, kwamba inachorwa upya na za zamani zitabaki karatasi tupu. Anayeupokea mara nyingi ni mtu aliyetumiwa noti hiyo na ndugu yake wa Houston au Minneapolis ndani ya kadi ya Idi au Krismasi, akaihifadhi kwenye pochi, na sasa hajui kama ameshika mali au ameshika takataka.

Hapa kuna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: uchapishaji wa noti, uadimu wake na sura yake. Watu huyachanganya kwa sababu kwenye noti nyingine yanakwenda pamoja. Noti ikichapishwa kwa wingi huonekana kwa wingi, ikionekana kwa wingi hughushiwa, na ikighushiwa hubadilishwa sura. Dola 2 haikufuata njia hiyo. Inachapishwa mpaka leo lakini huioni. Kwa kuwa haionekani, waghushi hawahangaiki nayo. Na kwa kuwa haighushiwi, imebaki na sura ya mwaka 1976.

Noti iliyotolewa, ikaachwa, ikarudishwa

Noti ya kwanza ya dola 2 ya serikali ya Marekani ilitoka mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati Hazina, yaani Wizara ya Fedha ya nchi hiyo, ilipohitaji fedha ya karatasi ya kugharimia vita hivyo. Ilikuwa na picha ya Alexander Hamilton. Thomas Jefferson, rais wa tatu, aliingia mwaka 1869. Miongo iliyofuata noti hii ilibadilika mara nyingi, na toleo la 1896 mpaka leo linatajwa na wakusanyaji miongoni mwa noti nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapishwa Marekani: Sayansi, mwenye umbo la mwanamke, anawakabidhi watoto wawili, Mvuke na Umeme, kwa Biashara na Viwanda. Kuanzia toleo la 1928 noti zote za Marekani zilipunguzwa ukubwa. Tangu hapo Jefferson amekaa mbele bila kuondoka, na nyuma ikawekwa nyumba yake ya Monticello, Virginia.

Lakini watu hawakuipenda. Dau la kawaida kwenye mbio za farasi lilikuwa dola 2, kwa hiyo mwenye noti hiyo alidhaniwa mcheza kamari. Wanasiasa walihusishwa nayo kwenye kununua kura. Wengine waliiona ya mkosi, wakawa wanachana kona yake ili kuondoa nuksi, na ndiyo maana noti nyingi za zamani zimekatika pembe. Dukani keshia hakuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu droo ya pesa ilikuwa na vyumba vya dola 1, 5, 10 na 20. Noti isiyo na chumba hutupwa chini ya trei pamoja na hundi, na noti iliyolala chini ya trei hairudishwi kama chenji. Katika sababu zote zinazotajwa, hii ya droo naiamini kuliko nyingine, maana mkosi unaweza kusahaulika lakini droo inafunguliwa kila siku.

Agosti 1966 Hazina ikasitisha uchapishaji kwa kuwa mahitaji yalikuwa madogo. Habari kwamba noti hii ilifutwa inaanzia hapo, na kosa ni dogo: ilisitishwa kuchapishwa, haikufutwa. Zilizokuwa mikononi mwa watu ziliendelea kuwa fedha halali.

Mwaka 1976 ikarudi. Taifa lilikuwa linatimiza miaka 200 na Hazina ilikuwa na hesabu yake: watu wakitumia noti moja ya dola 2 mahali pa noti mbili za dola 1, serikali ingechapisha noti chache zaidi na kuokoa mamilioni ya dola kila mwaka. Ikatolewa tarehe 13 Aprili 1976, siku ya kuzaliwa kwa Jefferson. Siku hiyo watu walipanga foleni benki, kisha wakazipeleka noti zao mpya posta kubandikwa stempu na kugongwa muhuri wa tarehe. Hapo ndipo mpango ulipoharibika. Kwa kuitoa noti siku ya sherehe, ikiwa na picha mpya ya sherehe nyuma mahali pa Monticello, serikali iliwafundisha wananchi kwamba hiki ni kitu cha kumbukumbu. Karibu noti milioni 590 za toleo la 1976 zilichapishwa, na nyingi zikaenda moja kwa moja kabatini.

Wanaosema tatizo ni namba 2 yenyewe hawajatazama kwingine. Tanzania noti ya shilingi 2,000 inapita mikononi kutwa nzima, na Kenya noti ya 200 ni ya kila siku. Kanada noti ya dola 2 ilikuwa fedha ya kawaida kabisa hadi ilipobadilishwa kuwa sarafu mwaka 1996. Tofauti ni kwamba Kanada ilikuwa imeshaondoa noti ya dola 1 na kuweka sarafu. Marekani imeng'ang'ania noti ya dola 1, na maadamu ipo, dola 2 haina pengo la kuziba.

Nani huagiza zichapishwe

Mamlaka ya fedha ya karatasi Marekani yamegawanywa, na mgawanyo huo ndio unaowachanganya wengi. Benki Kuu yao, Federal Reserve au Fed kwa kifupi, ndiyo inayotoa noti. Inaangalia benki za biashara zimeomba nini, ghala zake zina nini, noti ngapi zimechakaa, kisha kila mwaka inapeleka oda yake kwa Ofisi ya Uchongaji na Uchapishaji iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Ofisi hiyo ina viwanda viwili, Washington na Fort Worth, Texas. Fed ndiyo inayolipia uchapishaji. Lakini sura ya noti, yaani picha, rangi na alama, ni uamuzi wa Waziri wa Fedha. Anayeagiza si anayechora.

Katika oda hiyo ya mwaka, dola 2 ni mgeni wa hapa na pale. Kuna miaka Fed huagiza mamilioni, kuna miaka haiagizi hata moja. Si dalili ya kuizika. Ni kwamba zilizopo ghalani zinatosha. Noti isiyozunguka haichakai, na isiyochakaa haihitaji kubadilishwa haraka. Fed hutangaza makadirio ya umri wa noti zake, na yamewahi kuipa dola 1 miaka 6.6 na dola 100 miaka 22.9, lakini dola 2 haipewi umri wowote katika orodha hiyo.

Je, ni adimu kweli? Mwishoni mwa mwaka 2017 kulikuwa na noti za dola 2 takriban bilioni 1.2 nje ya benki kuu. Zigawe kwa wakazi wa Marekani wa mwaka huo, unapata karibu noti nne kwa kila mtu, watoto wachanga wakiwemo. Noti ya namna hiyo haiwezi kuitwa adimu. Imefichwa. Kila anayeipata anadhani ni ya mwisho, anaiweka, na kwa kuiweka anamfanya jirani yake naye adhani hivyo hivyo. Mteja yeyote wa benki Marekani anaweza kuziomba dirishani, na benki isipokuwa nazo itaziagiza kutoka Fed kwa bei ya dola 2 kila moja.

Wapo walioamua kuzitumia makusudi. Mashabiki wa mpira wa Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, tangu 1977 wakisafiri kufuata timu yao hulipa hoteli na migahawa kwa noti za dola 2 zilizogongwa muhuri wa unyayo wa chui milia. Walianza walipoambiwa kwamba Georgia Tech inataka kuacha kucheza nao. Wakataka wafanyabiashara wa Atlanta waone kwa macho fedha ngapi zinaletwa na wageni hawa. Kwa kazi hiyo dola 1 isingefaa, maana hakuna ambaye angeigundua kwenye droo. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, amekuwa akinunua karatasi nzima za dola 2 ambazo hazijakatwa, ambazo serikali huziuza kihalali, na kuzifunga kama daftari la kuchana noti moja moja.

Lakini ugeni wake una gharama kwa watu wadogo. Mwaka 2016, Texas, mwanafunzi wa miaka 13 alitaka kulipia chakula cha shule kwa noti ya dola 2 aliyopewa na bibi yake. Shule ikashuku ni bandia, polisi wakaitwa, wakafuatilia kutoka kwa bibi hadi dukani alikoipata, na hatimaye benki ikathibitisha: ni noti halali ya toleo la 1953. Mtoto alikosa chakula siku hiyo kwa kulipa na fedha ya nchi yake.

Kuhusu gharama, wanaotaka ifutwe hawana hesabu nzuri. Sarafu ya senti 1 ilisimamishwa kutengenezwa Novemba 2025 baada ya kufikia senti 3.69 kuitengeneza, yaani zaidi ya mara tatu ya thamani yake. Noti ya dola 2 inagharimu sawa na ya dola 1. Mwaka 2023 ilikuwa senti 2.8, wakati dola 100 ilikuwa senti 8.6. Kwa hesabu ya mwaka huo serikali ilitoa senti 2.8, ikapata kitu cha senti 200 ambacho hukaa miaka mingi kabla ya kurudi. Na kuifuta kunahitaji zaidi ya hasira, maana sheria ya Fed inaitaja dola 2 kwa jina katika orodha ya noti ambazo benki hiyo inaruhusiwa kutoa.

Ishike mkononi

Chukua noti ya dola 2 ya siku hizi uitazame vizuri. Urefu milimita 156, upana 66, sawasawa na dola 1 na sawasawa na dola 100. Si karatasi ya miti bali pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, inayotoka kwa kampuni ya Crane, Massachusetts, iliyoiuzia serikali karatasi ya noti tangu 1879. Ndani yake kuna nyuzinyuzi fupi nyekundu na buluu zilizotawanyika. Ukijaribu kuzikwangua kwa ukucha hazitoki kwa sababu zimo ndani ya karatasi, hazikuchorwa juu.

Mbele yupo Jefferson ndani ya duara la yai, kutoka kwenye mchoro wa Gilbert Stuart. Kushoto kwake kuna muhuri mweusi wenye herufi kati ya A na L, moja kwa kila benki kati ya zile 12 zinazounda Fed: A ni Boston, K ni Dallas, L ni San Francisco. Kulia kuna muhuri wa kijani wa Hazina. Ukiona herufi ndogo FW karibu na namba ya bamba, noti imechapishwa Fort Worth. Mwaka ulioandikwa si mwaka wa kuchapishwa. Ni mwaka wa toleo, ambao hubadilika kunapokuwa na sahihi mpya ya Waziri wa Fedha au Mweka Hazina, au kunapokuwa na badiliko la mchoro. Toleo la 1976 lina sahihi za Francine Neff na William Simon. Yamefuata matoleo ya 1995, 2003, 2003A, 2009, 2013 na 2017A, yote kwa mchoro ule ule.

Pitisha kidole begani kwa Jefferson utahisi ukwaruzo. Mafundi huchonga mistari kwenye chuma, bamba linapakwa wino, linapanguswa hadi wino ubaki kwenye mifereji tu, kisha karatasi inagandamizwa kwa nguvu kubwa hadi iingie mferejini na kuuvuta wino. Wino unabaki umeinuka juu ya karatasi. Upande wa nyuma huchapishwa kwanza, unaachwa siku kama tatu ukauke, ndipo unakuja uso, halafu mihuri na namba. Karatasi ikiharibika njiani, noti inayochukua nafasi yake hupewa nyota mwishoni mwa namba, na nyota hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Igeuze. Nyuma kuna uchongaji wa mchoro wa John Trumbull, ule mkubwa unaoning'inia katika jengo la Bunge la Marekani tangu 1826. Wengi husema unaonyesha kutiwa sahihi kwa Tangazo la Uhuru, lakini sivyo. Unaonyesha kamati ya watu watano, Jefferson akiwemo, ikiwasilisha rasimu mezani. Mchoro wa Trumbull una watu 47, na wachongaji wa 1976 hawakuweza kuwabana wote kwenye noti, hivyo baadhi ya waliokuwa pembeni wakaachwa nje. Hata hivyo mikunjo ya nguo na viti vya ukumbini vimechongwa kwa mistari myembamba kiasi kwamba unahitaji lenzi kuifuata, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya mkono iliyobaki kwenye noti za nchi hiyo.

Sasa inyanyue kwenye mwanga utafute uzi wa usalama, alama ya maji, wino unaobadilika rangi. Hakuna hata kimoja. Dola 1 na dola 2 ndizo noti pekee zinazochapishwa sasa ambazo hazina hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Kwa nini wengine wanabadilishwa, yeye haguswi

Marekani haibadilishi noti kwa ajili ya uzuri. Inabadilisha kwa hofu ya wanaoghushi. Kamati inayomshauri Waziri wa Fedha inaundwa na Wizara yenyewe, Fed, wachapishaji na Secret Service, idara ambayo kabla ya kumlinda rais ilianzishwa mwaka 1865 kupambana na noti bandia. Swali lao la kwanza ni noti ipi iko hatarini. Ndani ya nchi dola 20 hughushiwa sana. Nje, dola 100.

Hata noti ndogo inaweza kuguswa ikiwa inatumika kama malighafi. Ndivyo ilivyokuwa kwa dola 5: wahalifu waliifua wino wote kwa kemikali, wakabaki na karatasi halisi ya serikali, wakaichapa kuwa dola 100. Ikabidi alama yake ya maji na uzi wake vibadilishwe, na dola 5 mpya ikatoka Machi 2008. Kwa mhalifu huyo dola 2 haina faida, kwani karatasi yake haina uzi wala alama ya maji ya kumdanganya mtu, na kuzikusanya kwa wingi benki kungeamsha maswali.

Ratiba iliyotangazwa ya noti mpya inaanza na dola 10 mwaka 2026, dola 50 mwaka 2028, dola 20 mwaka 2030, kisha dola 5 na dola 100 katika miaka ya 2030. Dola 1 haimo. Dola 2 haimo.

Hapa kuna kosa ambalo hata waandishi wenzangu hulirudia: kuziweka dola 1 na dola 2 kapu moja kana kwamba zimezuiwa na kitu kimoja. Dola 1 imezuiwa kisheria. Kwa miaka mingi Kongresi, yaani Bunge la Marekani, imekuwa ikiweka kifungu katika sheria ya matumizi kinachokataza fedha za serikali kutumika kuichora upya. Wenye mashine za kuuzia soda na vitafunwa, ambazo zimeundwa kuitambua noti hiyo, hawataki kuingia gharama ya kuzibadilisha. Kifungu kinataja dola 1 tu. Dola 2 haijakatazwa na yeyote. Mashine nyingi hata haziipokei. Waziri wa Fedha akitaka kuichora upya ana mamlaka hayo, mradi picha iwe ya mtu aliyekwisha kufa, kama sheria inavyotaka, na maneno ya kumtumaini Mungu yabaki. Kinachokosekana ni sababu ya kumsukuma.

Sababu ya sura peke yake ingeleta mzozo mkubwa. Jefferson aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, huku katika maisha yake akimiliki watumwa zaidi ya 600. Uamuzi wa kumweka Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa na kuwatorosha wengine, kwenye dola 20 ulitangazwa mwaka 2016, na mjadala wake haujapoa. Waziri anayefungua faili la dola 2 anajua atakuwa anafungua na hilo. Kiufundi pia si kazi ya mwezi. Dola 100 ya sasa ilipangwa kutoka Februari 2011, karatasi ikawa inajikunja mashinani na kuacha mistari mitupu, ikachelewa hadi Oktoba 2013. Kwa noti inayoagizwa mara moja moja, ni rahisi kusema acha ilivyo.

Ya zamani haifi

Hofu ya msomaji wetu mara nyingi inatokana na yanayotokea nyumbani. Kenya ilibadili noti mwaka 2019, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikakoma kuwa fedha baada ya tarehe 30 Septemba. Tanzania, kati ya Januari na Aprili 2025, Benki Kuu iliwataka wenye noti za matoleo ya zamani wazipeleke benki zibadilishwe. Ukiwa umeishi hayo, ukisikia noti mpya inakuja unakimbilia kabati. Marekani haina utaratibu huo. Msimamo wa serikali yake ni kwamba noti zote ilizotoa tangu 1861 ni fedha halali. Hata dola 2 mpya ikitoka kesho, ya 1976 itabaki dola 2.

Tatizo liko kwenye maduka ya kubadilishia fedha ya kwetu. Mengi hukataa dola za matoleo ya zamani, na noti ndogo huzinunua kwa bei ya chini kuliko noti za 50 na 100. Dola 2 inaangukia pande zote mbili: ni ndogo, na inaonekana ya zamani hata ikiwa imechapishwa juzi. Ukiambiwa haipokelewi, si kwamba ni bandia wala imefutwa. Mwenye duka anaogopa hatapata wa kumuuzia. Mpe mtu anayesafiri kwenda Marekani.

Na yale maelfu ya dola? Noti ya 1976 iliyokunjwa pochini ni dola 2. Zinazouzwa juu ni za karne ya 19, zenye namba za mwanzo kabisa, zenye nyota fulani fulani, zenye makosa ya uchapaji, au zilizobaki bila mkunjo hata mmoja. Zenye muhuri mwekundu za 1928, 1953 na 1963 huongezeka kidogo, mara nyingi si sana. Anayekutumia ujumbe kwamba atainunua ya kwako kwa dola 5,000, ila kwanza ulipie ada ya ukaguzi, ni tapeli.

Wale ambao noti zote kwao ni moja

Kuna hoja moja ya kuibadilisha dola 2 isiyohusu waghushi wala picha, nami naiona ndiyo yenye haki.

Noti za Marekani zote zina ukubwa mmoja. Mwaka 2002 chama cha wasioona cha nchi hiyo, American Council of the Blind, kiliishtaki Wizara ya Fedha. Mwaka 2006 Jaji James Robertson akaamua kwamba kwa kutoa noti ambazo asiyeona hawezi kuzitofautisha, serikali inavunja sheria inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Alieleza kwamba kati ya nchi zaidi ya 180 zinazochapisha fedha, ni Marekani peke yake ambayo noti zake zote ni za ukubwa na rangi moja. Mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2008.

Fikiria maana yake kwenye kaunta. Wengi wasioona Marekani huacha dola 1 ikiwa imenyooka, dola 5 wanaikunja mara moja, dola 10 wanaikunja kwa urefu, dola 20 wanaikunja kivingine. Lakini ili ukunje lazima kwanza mtu mwenye macho akuambie umeshika nini, na mtu huyo mara nyingi ndiye yule yule anayekurudishia chenji. Kuna programu za simu zinazosoma noti kwa sauti, na serikali imegawa bure vifaa vidogo vya kazi hiyo, ila ni nani anayetaka kuinua simu juu ya pesa zake katikati ya foleni?

Mwaka 2011 Waziri wa Fedha aliidhinisha suluhisho: kila noti ambayo serikali inaruhusiwa kisheria kuibadilisha iwekewe alama iliyoinuka, tofauti kwa kila thamani, inayosomeka kwa kidole. Dola 10 mpya ndiyo iliyopangwa kuwa ya kwanza.

Dola 1 haitawekewa, kwa sababu ya kile kifungu cha Kongresi. Hilo linavumilika, maana ikiwa noti nyingine zote zina alama, isiyo na alama ni dola 1. Mpango mzima unasimama kwa sharti hilo. Sasa ingiza dola 2 isiyo na alama. Kidole kinapita, hakihisi kitu, na asiyeona analipa dola 2 mahali pa 1, au anapokea 1 akiambiwa ni 2. Utasema noti hiyo ni nadra. Lakini iko bilioni na zaidi, inatolewa kama zawadi na bahshishi, na asiyeona ndiye pekee ambaye hawezi kugundua kwamba leo amepewa ile isiyo ya kawaida.

Neno la mwaka 2011 lilikuwa noti zinazoruhusiwa kubadilishwa kisheria, na dola 2 imo ndani ya neno hilo. Ratiba ndiyo iliyoiacha. Hakuna haja ya kumwondoa Jefferson, wala kugusa ukumbi wa Trumbull, wala kuongeza uzi na wino wa gharama. Inatosha alama moja iliyoinuka, kwenye noti inayochapishwa Fort Worth kwa mitambo ile ile, na sahihi ya Waziri wa Fedha kuiingiza kwenye orodha kabla dola 10 mpya haijazoeleka mikononi mwa watu.